Unyenyekevu wa Mkristo, kuanzia getini hadi mezani: mwongozo kamili

Nairobi haina uhaba wa unyenyekevu wa kwenda juu. Tunajua kumwinamia askofu, kumpisha mheshimiwa kwenye foleni, na kumwita mkurugenzi "bosi" hata tukimkuta Jumamosi akinunua matikiti. Huo una faida yake, kwa hiyo hauhitaji kufundishwa. Unaotushinda ni ule wa kushuka: kwa mlinzi wa geti, kwa dada wa kazi, kwa makanga anayetafuta chenji, kwa mke ambaye hawezi kukufuta kazi. Mwongozo huu ni wa huo wa kushuka.

Andiko linalotajwa kila mara ni Wafilipi 2:3, pale Paulo anapowataka waamini wasifanye lolote kwa kushindana wala kwa majivuno, kila mmoja amhesabu mwenzake kuwa bora kuliko nafsi yake. Waliolipokea neno hilo wanafanana nasi kuliko tunavyodhani. Filipi ulikuwa koloni la Kirumi ambako askari wastaafu walipewa makazi, mji wa watu waliojua vyeo vyao na kujivunia uraia wao. Na kanisani kwenyewe kulikuwa na mvutano wenye majina: katika sura ya 4 Paulo anawasihi Euodia na Sintike wawe na nia moja. Yale maneno mazito kuhusu Kristo aliyetwaa namna ya mtumwa yalitumwa kwa kanisa lenye kina mama wawili waliokosana. Yasome hivyo, utaona yanavyoingia hadi jikoni.

Fuata hatua kwa mpangilio uliopo. Ukivutiwa na ya nne ukairuka ya pili, ya nne haitashika.

Hatua ya kwanza: jua unaishi na nani

Chukua karatasi uandike watu wote uliozungumza nao jana tangu ulipoamka. Usichague wa maana. Mtu anayeishi Umoja na kufanya kazi Upper Hill atakuta orodha kama hii: mke, watoto, dada wa kazi, mlinzi wa ploti, makanga wa asubuhi, askari anayepekua mabegi kwenye lango la ofisi, mama wa chai, wenzake wa kazi, bosi, mama mboga, keateka. Sasa weka alama kwa kila mtu usiyemjua jina. Weka alama nyingine kwa kila mtu uliyezungumza naye macho yakiwa kwenye simu.

Kwa wengi wetu alama zitarundikana upande mmoja, upande wa wanaotuhudumia kwa ujira mdogo. Basi anzia hapo, usianze na mchungaji wala bosi. Chagua wawili, ujue majina yao na uyatumie. Mama wa chai huenda akapenda kuitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani. Muulize mtoto wake wa kwanza anaitwaje, ataeleza kwa furaha. Mlinzi aliyekuzidi umri ni mzee au baba, hata kama mshahara wake unatoka kwenye ada unayolipa. Kumpigia honi mara tatu mtu wa miaka 60 ili akimbie kukufungulia, huku stika ya kanisa iko kwenye kioo cha gari, ni mahubiri tosha.

Hatua ya pili: lipa kwanza

Hapa wengi hutarajia hatua ya maombi. Maombi yatakuwepo, lakini Yakobo 5:4 inasema ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimemfikia Bwana. Sioni namna mtu anavyoweza kuomba kwa sauti ya kushinda hiyo.

Chukua mfano wa dada wa kazi. Familia nyingi za kanisani humwita "mmoja wetu", na huenda wanamaanisha. Ila mshahara wa tarehe 30 ukifika tarehe 9, lile jina tamu linakuwa kufuli mdomoni mwake, maana mtu wa familia hadai. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Msaidizi wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Ukimpa hayo hujamfanyia wema, kwa hiyo usisubiri shukrani wala usiyasimulie kwenye ushirika.

Fanya hivi. Kaeni chini, nyote mmekaa, muandike makubaliano: kazi zipi, saa ngapi, mshahara kiasi gani, tarehe ipi, siku ipi ya ofu. Kila mmoja abaki na nakala. Tuma pesa kwa M-Pesa kabla hajakukumbusha, na uongeze ya kutolea. Kama mambo yamekwama, mwambie kabla ya tarehe yenyewe, na utaje siku utakayolipa. Usimwache akuzungukezunguke sebuleni akipanguza meza ambayo amekwisha kuipanguza, akitafuta mlango wa kuanzia. Siku yake ya ofu ni yake. Usimpigie kuuliza mfuniko wa sufuria uko wapi.

Vivyo hivyo kwa mama mboga. Deni lako la sukuma na nyanya la wiki mbili huenda ndilo pesa ambayo angeendea sokoni alfajiri. Hatakudai kwa sauti, kwa kuwa anaogopa utahamia kibanda cha pili. Hesabu pia fundi wa nguo, kijana wa kufua mazulia, na bodaboda uliyemwambia "nitakutumia nikifika" ukafika, ukapanda ngazi, ukasahau.

Wapo watakaosema hiyo ni haki tu, unyenyekevu ni kitu cha juu zaidi. Sawa, lakini huwezi kumhesabu mtu kuwa bora kuliko nafsi yako huku umeikalia pesa yake.

Hatua ya tatu: punguza maneno

Benedikto wa Nursia, aliyeandika Kanuni ya watawa wake katika karne ya 6, aliupanga unyenyekevu katika ngazi 12 kwenye sura ya 7. Ngazi ya 9, ya 10 na ya 11 zote zinahusu kinywa: kunyamaza, kutokuwa mwepesi wa kucheka, na kusema kwa upole maneno machache yenye akili. Hiyo ya kicheko inanishinda kuielewa katika mji ambao mzaha ndio unaotufikisha mwisho wa mwezi, lakini hizo nyingine mbili zinatuhusu sana.

Mtu akimaliza kusema, vuta pumzi moja kabla ya kujibu. Mara nyingi utagundua hakuwa amemaliza. Kisha mrudishie alichosema kwa maneno yako: "Kwa hiyo kilichokuudhi ni kwamba sikukupigia?" Akisema sivyo, mwache aeleze tena. La tatu ni gumu kwa watu wa simulizi kama sisi: usijibu hadithi yake kwa hadithi yako iliyo kubwa zaidi. Jirani akikuambia amepunguzwa kazini, habari za wewe ulivyopunguzwa mwaka ule wa corona zinaweza kusubiri.

Kuna usikivu mwingine ambao Nairobi tunauvunja bila kujua, nao uko mezani. Mama mkwe amekuja kutoka ushago. Mume na mke wanazungumza Kiingereza, watoto wanajibizana kwa Sheng, na mama amekaa pale na kikombe chake cha chai, akitabasamu kila wengine wakicheka. Hakuna aliyemtukana, lakini kwa saa nzima hayumo. Mnaweza kuhamia Kiswahili, au lugha yake kwa anayeijua, na mtoto aliyechanganyikiwa amwulize shosho maana. Watoto wakilalamika, walalamike kwa Kiswahili.

Kwenye vikundi vya kujifunza Biblia na jumuiya ndogondogo, mwenye shahada ya theolojia azungumze baada ya wengine, akibaki na la kusema.

Hatua ya nne: omba msamaha bila "lakini"

Hii ndiyo hatua ambayo watu huniuliza zaidi, na ndiyo yenye ujanja mwingi.

Tuseme umerudi saa tatu usiku. Umekaa kwenye jam ya Jogoo Road, mvua imenyesha, simu imekufa. Mlinzi amekawia kufungua geti. Ukashusha kioo ukamfokea, "Kwani unalipwa kulala?" Majirani wawili walikuwa wanapita na mkate wao. Asubuhi moyo unakuuma.

Njia ya kwanza rahisi ni kumpenyezea mia mbili bila neno. Hiyo inakununulia amani wewe, na yeye anabaki hajui amelipwa kwa ajili ya nini. Ya pili ni, "Mzee, jana sote tulikuwa na hasira." Yeye hakuwa na hasira. Ya tatu ni, "Pole kama ulikasirika," ambayo inamfanya kukasirika kwake kuwe ndiyo tatizo. Ya nne ndiyo maarufu zaidi: "Nisamehe, lakini na wewe uwe unafungua haraka." Hilo ni karipio la pili lililovaa nguo ya Jumapili.

Fanya hivi badala yake. Zima gari, shuka, simama alipo, saa ambayo watu wanapita kama walivyopita jana. Sema: "Mzee, jana usiku nilikufokea mbele ya watu nikasema unalipwa kulala. Nilikukosea. Naomba unisamehe." Halafu nyamaza. Usieleze habari za jam. Atakachojibu huenda kikawa, "Hakuna shida, bosi," kwa sababu mtu ambaye kibarua chake kiko mikononi mwako hana jibu jingine la salama. Ulipokee kwa heshima, ila usiamini kwamba mambo yamekwisha. Atajua ulimaanisha usiku mwingine atakapokawia tena.

Kanuni inayotoka hapo ni kwamba msamaha huombwa palepale kosa lilipofanyikia. Ulimvunjia mtu heshima kwenye kundi la WhatsApp la familia, ombea msamaha humohumo, usimfuate pembeni kwa ujumbe wa siri. Ulimsema vibaya kwenye chama asipokuwepo, waambie waliokusikia. Na kama kosa lilikuwa la siri kati yenu wawili, libaki kati yenu wawili.

Muda nao una neno lake. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anasema ukikumbuka mbele ya madhabahu kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, uende upatane naye kwanza. Anawaambia watu wa Galilaya, na madhabahu iko Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Kwetu ni matatu mbili, tatu ukiwa unatoka Rongai kwenda Kayole.

Wazazi, na hasa sisi kina baba, tuna kisingizio kwamba mtoto akiombwa msamaha atapoteza adabu. Sijawahi kuona likitokea. Ulimpiga mtoto kwa kosa la ndugu yake, mwite, keti ili macho yenu yalingane, umwambie ulikosea. Usimnunulie soda mahali pa maneno. Soda ije baadaye ikitaka.

Afrika Mashariki ina urithi wake katika jambo hili. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika Uganda, Kenya na Tanganyika uliwafundisha ndugu "kutembea nuruni": kuungama mbele ya wenzao, na hata wamisionari Wazungu na Waafrika kuombana msamaha, jambo lililokuwa zito sana wakati wa ukoloni. Wazee wa ushirika wapo hadi leo, nao wana mengi ya kukufundisha ukiwatembelea. Chukua kutoka kwao wepesi wa kusema "nimekosa". Lakini uungame kosa lako tu. Ungamo linalofichua siri ya mtu wa pili ni udaku ulioanzishwa kwa sala.

Hatua ya tano: kubali kupokea

Yohana 13 tunaisoma tukimtazama Yesu na taulo lake. Mtazame na Petro. Anakataa kuoshwa miguu, na kukataa kwake kunaonekana kama heshima. Yesu anamwambia asipomwosha hana shirika naye.

Nairobi imejaa kina Petro. Kifungua mimba anayelipa karo za wadogo zake wote, na kodi ya mzazi, na bili ya hospitali ya mjomba, mara nyingi hawezi kumwambia mtu hata mmoja kwamba mwezi huu tokeni za stima zimemshinda. Amezoea mkono wake uwe juu. Akiletewa mchele na jirani, kesho yake anarudisha unga na sukari ili asiwe na deni la mtu. Kama ni wewe, mazoezi yako ni haya: jirani akikuletea kitu, sema asante, upike, ule, urudishe bakuli tupu lililooshwa. Mtu akikusifu kazi yako, mjibu "asante" bila kuanza kuikosoa kazi hiyo ili akusifu mara ya pili. Mdogo wako akitaka kulipa chakula siku moja, mwache alipe.

Marekebisho nayo ni ya kupokewa. Mtu akikukosoa, usitafute kwanza makosa yake. Mwambie utalifikiria, na ulifikirie kweli. Akikosea kwa nusu, shughulikia nusu aliyopatia.

Hatua ya sita: kanisani

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kanisani ndiko kunakohubiriwa haya kuliko kwingine. Luka 14:7-11 inahusu viti vya mbele, na Yakobo 2:1-4 inahusu mtu wa pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame kule. Ukiwa mkaribishaji wa watu mlangoni mwa kanisa, jipime: mtu anayefika kwa gari kubwa na anayefika na viatu vyenye tope la Mukuru, nani unamsogezea kiti kwanza? Kwenye harambee, toa na ukae. Skrinshoti ya M-Pesa itume kwa mweka hazina, basi. Vyeo vya huduma havina ubaya, ila mtu akikosea akakuita "ndugu" mahali pa "askofu", itika.

Hatua ya saba: jua mipaka

Fundisho la unyenyekevu limetumiwa kuwaumiza watu, hasa wanawake. Mke anayepigwa anaambiwa avumilie na kunyenyekea. Kijana anayedhulumiwa mshahara kwenye huduma anaambiwa anamtumikia Mungu. Kwa hiyo nasema wazi: kuvumilia kipigo si sehemu ya mwongozo huu. Anayepigwa aondoke mahali pa hatari kwanza, na anaweza kupiga 1195, namba ya bure ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia hapa Kenya. Mazungumzo ya msamaha yana wakati wake, na wakati huo mwathiriwa ndiye anayeujua.

Paulo mwenyewe yuko pamoja nasi hapa, tena katika mji uleule wa Filipi. Matendo 16 inasimulia alivyopigwa hadharani pamoja na Sila bila kuhukumiwa na kutupwa gerezani. Kulipokucha wakuu wa mji walituma watu wawafungue kimyakimya. Paulo akakataa. Akasema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa bila hukumu, sasa wakuu waje wenyewe kuwatoa. Wakaja. Huyo ndiye aliyewaandikia Wafilipi baadaye kuhusu kumhesabu mwenzako kuwa bora. Kudai haki yako kwa sauti tulivu, bila matusi na bila kulipiza, kunakaa vizuri kabisa ndani ya unyenyekevu.

Hatua ya nane: jipime kupitia wengine

Usijipime mwenyewe. Ukijiuliza kama umekuwa mnyenyekevu wiki hii, jibu lolote litakuharibu. Tafuta mtu mmoja aliye chini yako kwa cheo, umri au mshahara, umwulize swali lenye mipaka, maana swali pana huzaa jibu la adabu. Badala ya "Mimi ni mtu mgumu?" uliza, "Wiki hii kuna mahali nilikusemesha vibaya mbele ya watoto?" Badala ya "Mnaionaje kazi hapa?" uliza, "Katika mkutano wa Jumanne nilimkatiza nani?"

Siku ya kwanza utajibiwa "hakuna". Usisukume, wala usifurahi. Mtu huyo anachunguza kwanza bei ya kusema ukweli kwako. Siku atakapokujibu kitu kidogo, kama vile kwamba huwa unamwita kwa kupiga makofi, usijitetee, usicheke, usimwulize nani mwingine analalamika. Mshukuru, acha makofi kuanzia siku hiyo, na baada ya mwezi umwulize swali jingine.

Na maombi niliyoyaahidi? Usiku, kabla ya kulala, taja mbele ya Mungu majina ya wale wawili uliowachagua katika hatua ya kwanza, na unachojua kuhusu maisha yao: mguu unaouma, karo ya muhula wa pili, mwana asiyepiga simu. Kama huna cha kutaja zaidi ya jina, kesho asubuhi ukipita getini simama dakika mbili umwulize habari za nyumbani.